Lubumbashi na Ireland: masomo ya wiki chache ugenini, historia ya miaka 60 nyumbani

LUBUMBASHI – Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, wakati wakaaji wa Lubumbashi wanavaa makoti kwa sababu ya baridi ya kiangazi, huko Ireland ni majira ya joto na shule za muda mfupi zinafungua milango. Wageni kutoka nchi nyingi, hasa Marekani, wanakwenda kukaa wiki moja, mbili au tatu ili kujifunza utamaduni wa kisiwa hicho: lugha yake, muziki wake, michezo yake na historia yake.

Kwa kijana wa Haut-Katanga, masomo ya namna hiyo yanaweza kuonekana kama jambo la mbali. Ireland haikutawala Kongo, haina migodi mikubwa hapa, na watu wake wengi hawajui Lubumbashi iko upande gani wa ramani. Lakini waulize watu wazima wa Dublin au Athlone kuhusu Katanga, Niemba na Jadotville, na wengi watakuwa na la kusema. Majina hayo ya kwetu yamo ndani ya historia yao ya karne ya 20, na ndiyo sababu masomo hayo yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Wanafundisha nini?

Shule za majira ya joto ni desturi ya zamani huko Ireland. Katika mji wa Sligo, shule inayohusu mshairi W. B. Yeats, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1923, inafanyika tangu 1960. Huko Miltown Malbay, katika wilaya ya Clare, shule ya Willie Clancy inakusanya wapiga filimbi, fidla na zumari tangu 1973. Huko Gleann Cholm Cille, kaskazini-magharibi mwa nchi, shirika la Oideas Gael linafundisha watu wazima lugha ya Kiairishi tangu 1984. Vyuo vikuu kama cha Galway navyo vina masomo yao ya wiki chache.

Mwanafunzi anasoma asubuhi darasani. Mchana anatembelea makaburi ya kale, makumbusho au uwanja wa michezo ya jadi. Jioni anakwenda kusikiliza muziki au kujaribu kucheza ngoma za huko. Na karibu kila mahali atakutana na somo moja zito: namna taifa dogo lilivyotawaliwa na jirani yake kwa karne nyingi, likapoteza lugha yake karibu yote, kisha likajaribu kuirudisha.

Sehemu hii Mkongomani ataielewa haraka. Katika karne ya 19, kwenye shule nyingi za Ireland, mtoto aliyesema Kiairishi alivishwa kijiti shingoni. Kila kosa lilichongwa alama, na jioni alama zilihesabiwa ili apigwe. Wazazi wengi walikubali adhabu hiyo kwa sababu waliona Kiingereza ndicho kitakachompa mtoto mkate. Waliosoma katika shule za Kongo ambako mtoto aliyesema Kiswahili alikabidhiwa "symbole" hawahitaji maelezo zaidi.

Kisha ikaja njaa kubwa, kuanzia 1845 hadi 1852, baada ya ugonjwa kuharibu viazi ambavyo maskini walikula kila siku. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakakimbilia ng'ambo. Wengi wa waliokufa au kuhama walikuwa wasemaji wa Kiairishi. Mwaka 1893 ilianzishwa jumuiya ya kuifufua lugha hiyo, na baada ya uhuru wa 1922 serikali iliiweka shuleni. Tangu 2007 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya.

Hata hivyo, sensa ya 2022 ilionyesha jambo la kufikirisha. Watu karibu milioni 1.9 walisema wanaweza kuongea Kiairishi, lakini wapatao 72,000 tu ndio walioitumia kila siku nje ya shule. Lugha inaweza kupewa sheria, vitabu na mitihani, na bado ikakosa watu wa kuiongea sokoni na jikoni.

Lubumbashi hali ni kinyume chake. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini Kifaransa ndicho lugha rasmi. Kiswahili cha Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi kinaongewa kutoka asubuhi hadi usiku. Kwenye karatasi za ofisi na katika vitabu vya chuo kikuu, ni vigumu kukiona. Waairishi wana lugha yenye heshima iliyopungukiwa vinywa. Sisi tuna lugha yenye vinywa vingi iliyopungukiwa heshima.

Mtu aliyeandika ripoti ya mpira

Ukurasa wa kwanza unaounganisha nchi hizi mbili una jina la Roger Casement. Alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, wakati Ireland ingali chini ya Uingereza, na akawa konsuli wa Uingereza katika Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold II. Mwaka 1903 alipanda mto Kongo hadi maeneo ya Équateur. Aliwasikiliza wanavijiji waliosimulia namna walivyolazimishwa kuleta mpira, walivyotekwa wake zao na walivyokatwa mikono.

Ripoti yake ilitangazwa mwaka 1904. Ilisaidia kuwaamsha watu wa Ulaya na Marekani, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Casement hakufika kuchunguza Katanga, lakini yaliyompata Kongo yalimbadilisha. Aliyekuwa mtumishi wa dola la Uingereza alianza kuona kwamba nchi yake mwenyewe nayo ilitawaliwa kwa nguvu. Alijiunga na wapigania uhuru wa Ireland, akatafuta silaha Ujerumani, akakamatwa, na kunyongwa London tarehe 3 Agosti 1916. Mwili wake ulirudishwa Dublin mwaka 1965.

Kwa maneno mengine, mmoja wa mashujaa wa uhuru wa Ireland alifunguliwa macho na wanavijiji wa Kongo.

Niemba: jina lililogeuka tusi

Ukurasa wa pili ni mchungu. Tarehe 11 Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga na Kongo. Umoja wa Mataifa, ONU, ulituma askari wa nchi nyingi, na Ireland ilikuwa mojawapo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kutuma vikosi vizima nje kulinda amani. Kikosi cha kwanza kilikwenda Goma na Kivu, cha pili Albertville, ambayo leo ni Kalemie.

Tarehe 8 Novemba 1960, askari 11 wa Ireland walifika kwenye daraja lililoharibiwa karibu na Niemba, katika jimbo ambalo leo linaitwa Tanganyika. Walivamiwa na wapiganaji wa Kiluba wenye mishale na mapanga. Tisa walipoteza maisha, wawili wakanusurika. Walipozikwa Dublin, umati mkubwa ulijaza barabara, na nchi nzima ikawa katika kilio.

Kilichokosekana katika kilio hicho ni swali moja: kwa nini? Baluba wa kaskazini mwa Katanga walipinga utengano wa Tshombe. Majandarmu wa Katanga, wakiongozwa na maofisa wa Kizungu, walikuwa wamechoma vijiji na kuua watu. Kwa mwanakijiji aliyeona gari likishusha Wazungu wenye bunduki, haikuwa rahisi kutofautisha kofia ya ONU na ya jandarmu. Wanahistoria wengi wanaona kwamba askari wale walidhaniwa kuwa adui aliyezoeleka.

Lakini huko Ireland neno "Baluba" liliingia katika maongezi ya mitaani kama tusi, kwa maana ya mtu mkali asiye na adabu. Kwa miaka mingi, watu ambao hawakuwahi kumwona Muluba hata mmoja walilitumia bila kufikiri. Huo ndio ujinga ambao masomo ya utamaduni yanapaswa kuuondoa. Na hautaondoka kama darasani hakuna mtu anayeweza kusema: mimi natoka huko, bibi yangu ni Muluba, acheni niwaeleze yaliyotokea kabla ya siku ile.

Septemba 1961 mjini Elisabethville

Ukurasa wa tatu uliandikwa hapa hapa mjini. Mwaka 1961 mwakilishi wa ONU katika Katanga alikuwa Mwairishi, Conor Cruise O'Brien. Mwisho wa Agosti askari wa ONU walianza kuwakamata mamluki na maofisa wa kigeni wa Tshombe. Wakati huo huo, makumi ya maelfu ya Baluba waliokuwa wakiteswa mjini walikimbilia kwenye kambi karibu na askari wa ONU, wakalala chini ya maturubai na vibanda vya majani.

Alfajiri ya tarehe 13 Septemba mapigano yalianza. Askari wa ONU walishika posta na nyumba ya redio. O'Brien alitangaza kwamba utengano umekwisha, lakini haukuwa umekwisha. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba, Katibu Mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, aliyekuwa akienda kukutana na Tshombe, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu. Sababu ya ajali hiyo inabishaniwa hadi leo.

Siku hizo hizo, umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, askari wa Ireland wapatao 155 chini ya Kamanda Pat Quinlan walizingirwa Jadotville, ambayo sasa ni Likasi. Walichimba mahandaki na kupigana siku tano dhidi ya majandarmu na mamluki waliowazidi mara nyingi kwa idadi, huku ndege moja ya kivita ya Katanga ikiwashambulia kutoka juu. Vikosi vilivyotumwa kuwaokoa vilizuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Maji na risasi vilipokwisha, Quinlan alisalimu amri. Hakuna hata askari wake mmoja aliyeuawa. Waliachiliwa baada ya mwezi mmoja hivi.

Mapigano yalirudi Elisabethville mwezi wa Desemba. Tarehe 16 Desemba 1961, askari wa Ireland walishambulia na kuteka tuneli ya reli mjini, na baadhi yao wakafa hapo. Wakaaji wa mji nao walikufa kwa risasi na mabomu ambayo hayakuwauliza wao ni wa upande gani. Utengano wa Katanga ulimalizika Januari 1963. Kwa jumla, Waairishi wapatao 6,000 walitumika Kongo hadi 1964, na 26 kati yao walipoteza maisha.

Namna Ireland ilivyosahihisha kumbukumbu yake

Askari wa Jadotville waliporudi nyumbani hawakupokewa kama mashujaa. Jeshi lilinyamaza, kwa sababu neno "kusalimu amri" lilionekana kuwa aibu. Wengine walidhihakiwa na wenzao. Quinlan alikufa mwaka 1997 bila kusafishwa jina lake hadharani.

Wazee waliobaki na familia zao hawakukubali. Waliandika barua, wakatoa ushuhuda, wakasumbua wakubwa. Mwaka 2005 jiwe la kumbukumbu liliwekwa katika kambi ya jeshi ya Athlone, na kitabu cha Declan Power kuhusu mapigano hayo kikatoka. Mwaka 2016 kikosi kilipewa heshima ya taifa, na filamu ya "The Siege of Jadotville" ikaonyeshwa duniani kote. Mwaka 2017 askari walipewa medali maalum iliyobeba jina la Jadotville. Ilichukua zaidi ya miaka 50.

Hapo kuna funzo kwa Lubumbashi, na pia kuna swali. Filamu ile ilipigwa Afrika Kusini, si Likasi. Inaonyesha ushujaa wa vijana wa Ireland, na ni haki yao. Lakini mtu wa Likasi anayeitazama anaona nyumba yake ikiwa kama jukwaa la watu wengine. Mama aliyejificha na watoto chini ya kitanda, mfanyakazi wa Union Minière aliyeshindwa kwenda kazini, Muluba aliyekimbilia kambini na godoro kichwani: hao hawana filamu wala medali.

Kumbukumbu ya kwetu ipo, lakini inafundishwa wapi?

Si kweli kwamba mji huu haukuandika kitu. Mwaka 1965 mtu aliyejiita André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha hapa kitabu kifupi cha historia ya mji, "Vocabulaire de la ville de Elisabethville". Ni historia iliyosimuliwa na boi na mpishi, si na bwana. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, alikitoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Fabian huyo huyo alikutana na mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu. Kati ya 1973 na 1974, Tshibumba alichora picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia ya nchi, zikiwemo za Lumumba na vita vya Katanga, na akazieleza moja moja kwa Kiswahili. Picha hizo leo ziko katika makumbusho huko Amsterdam. Tangu mwaka 2000 mradi wa "Mémoires de Lubumbashi", ambamo alishiriki mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ulikusanya vitu na masimulizi ya wakaaji na kuyaonyesha katika Makumbusho ya Taifa ya mjini.

Mali ipo. Kinachokosekana ni kile ambacho Waairishi wanakifanya vizuri: kuichukua mali hiyo na kuigeuza kuwa masomo ya wiki mbili ambayo mgeni au kijana wa hapa anaweza kuyafuata. Asubuhi moja kusoma Yav, mchana kwenda kwenye tuneli, kesho yake safari ya Lufira na Likasi, jioni kusikiliza wazee. Hakuna kitu hapo kinachohitaji jengo jipya.

Kabla ya kulipa dola

Kwa kijana ambaye bado anataka kwenda Ireland, mambo machache ni ya kuzingatia.

Kwanza, masomo karibu yote yanafanyika kwa Kiingereza. Anayejua Kifaransa na Kiswahili tu atapata shida tangu siku ya kwanza.

Pili, Ireland ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini haimo katika eneo la Schengen. Viza iliyotolewa na Ubelgiji au Ufaransa haimruhusu mtu kuingia Dublin. Tena, mwenye pasipoti ya Kongo anayebadilisha ndege katika nchi ya Schengen aulize mapema kama anatakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani, hata kama hatoki nje ya uwanja. Kutojua mambo hayo kunaweza kumpotezea mtu tiketi.

Tatu, cheti cha wiki tatu ni cheti cha wiki tatu. Hakilingani na graduat wala licence, na hakimpi mtu ruhusa ya kubaki na kufanya kazi. Yeyote anayeiambia familia iuze kiwanja kwa ahadi kwamba masomo hayo ni mlango wa maisha ya Ulaya, anaidanganya. Maombi yapelekwe moja kwa moja kwa shule yenyewe, na swali la kwanza liwe: je, kuna msaada wa masomo kwa wanafunzi kutoka Afrika?

Na nne, asiende mikono mitupu. Wiki tatu hazitoshi kumfanya mtu ajue utamaduni wa watu wengine; zinatosha kumjulisha nao. Mwanafunzi kutoka Marekani anafika huko akitafuta kijiji cha babu wa babu yake. Mwanafunzi kutoka Lubumbashi anaweza kufika na kitu ambacho darasa zima halina: upande wa pili wa habari ambayo Waairishi wameisikia nusu tu.

Ili awe na kitu hicho, kuna kazi ya kufanya hapa kwanza, na haitaki viza. Aliyekuwa na miaka 15 mapigano yalipofika Elisabethville leo amefika au anakaribia miaka 80. Wengi wa rika lake wameshazikwa. Simu iliyo mfukoni inarekodi sauti, na maswali ni mepesi: Mzee, mlikuwa mnakaa wapi? Mlisikia nini redioni? Nani alikufa? Mlikula nini siku zile?

Waairishi walichelewa miaka 50 kuwasikiliza askari wao, lakini waliwakuta baadhi yao wangali hai. Lubumbashi imeshapitisha miaka 60.